Hukumu ya Mahari na Kaunta ya Polisi

Mazungumzo baada ya taarifa ya habari, kwa wasikilizaji wa jeshi na polisi



Tarehe 6 Agosti mwaka 2015, Mahakama ya Juu ya Uganda mjini Kampala ilitoa hukumu juu ya ng'ombe. Hawakuwa ng'ombe walioibwa, wala waliovushwa kwa magendo katika vichochoro vya Busia. Walikuwa ng'ombe ambao mwanamume huwapeleka kwa baba wa mke wake, na ambao kwa desturi huwadai siku ndoa inapovunjika. Mahakama ilisema kwamba kudai warudishwe ni kinyume cha Katiba. Shauri hilo halikuzaliwa Kampala. Lilizaliwa katika wilaya ya Tororo, katika vijiji ambavyo askari wengi wanaosikiliza mazungumzo haya wamepita wakiwa doria, na ambamo baadhi yao wameoa.

Hukumu za mahakama kubwa huandikwa kwa Kiingereza kirefu na kuwekwa makabatini. Anayezitekeleza, au anayezizika, ni askari wa zamu aliyesimama nyuma ya kaunta saa nne za usiku. Mbele yake yupo mwanamke aliyevimba uso, na nyuma ya mwanamke huyo yupo mwanamume anayesema, "Afande, huyu ni mke wangu, nimemlipia." Kwa sababu hiyo habari hii inawahusu askari zaidi ya inavyowahusu mawakili.

Hakuna haja ya kuidharau desturi ya mahari. Kwa Wapadhola na Wateso wa Tororo, kwa Wasamia wa Busia zote mbili, na kwa jirani zao walio upande wa Kenya, ng'ombe na mbuzi wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana wamekuwa ushahidi wa ndoa tangu kabla ya kuwapo karatasi. Watu hukaa, huhesabiana, hula na kunywa, na kila ukoo hutoa mashahidi wake. Ilikuwa ndiyo hati ya ndoa, ila hati hiyo ilitembea kwa miguu minne.

Tabu huanza ndoa inapoharibika. Ng'ombe wale hawakubaki zizini kwa baba wakisubiri. Mara nyingi ndio hao hao waliotolewa kumwolea kaka wa msichana. Wengine wamekufa kwa ugonjwa, wengine wameuzwa ili kulipa karo ya shule, na waliosalia wamezaa. Tuseme binti anarudi kwao baada ya miaka 9, jino moja limeng'olewa kwa ngumi. Baba hamtazami binti peke yake. Anawatazama pia ng'ombe 8 ambao hanao tena, na mkwe aliyeko njiani kuja kuwahesabu pamoja na ndama zao. Basi humwambia, "Rudi kwako, mwanangu, uvumilie." Si kwamba hampendi binti yake. Baba huyo ni mdaiwa, na mdaiwa hana sauti.

Sheria zilichelewa kumwona mwanamke huyo. Mwaka 1917, katika shauri la mtu aliyeitwa Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton wa nchi ambayo sasa ni Kenya aliamua kwamba ndoa ya kimila haikuwa ndoa hasa, bali ni ununuzi wa mke. Kwa hiyo kinga ambayo sheria ya Kiingereza iliwapa mume na mke juu ya kutoleana ushahidi mahakamani haikumhusu mke wa Amkeyo. Maneno hayo yaliwaudhi Waafrika kwa miaka mingi, na walikuwa na haki ya kuudhika. Lakini kuna jambo hapa ambalo ni vigumu kulikwepa: kila mume aliyedai kurudishiwa ng'ombe wake kwa kuwa mke amemshinda alikuwa akimpa jaji yule Mwingereza ushahidi aliouhitaji.

Baada ya uhuru hatua zilipigwa, tena hatua fupi. Mwaka 1964 Serikali ya Uganda iliunda tume chini ya William Kalema kuchunguza ndoa, talaka na hali ya wanawake, na taarifa yake ikatoka mwaka 1965. Mwaka 1973, katika utawala wa Idi Amin, ilitolewa amri ya kusajili ndoa za kimila, na kwa amri hiyo mke aliyeolewa kwa ng'ombe aliweza kupata cheti cha serikali. Hata hivyo Katiba ya mwaka 1967, iliyokuwa imekataza ubaguzi kwa ajili ya rangi, kabila, mahali mtu alikotoka, siasa au imani, haikutaja jinsia. Kenya nayo haikuliweka neno hilo katika kifungu chake cha ubaguzi mpaka mwaka 1997, na hata hapo mambo ya ndoa, talaka, mazishi na urithi yaliachwa nje ya mlango. Mjane Wambui Otieno alikuwa ameuonja uchungu wa mlango huo miaka 10 kabla, mwaka 1987, mahakama zilipoupa ukoo wa mumewe haki ya kumzika marehemu huko Siaya, mahali ambapo yeye mkewe hakupataka.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ndiyo iliyogeuza njia. Ibara ya 31 inasema kwamba mwanamume na mwanamke wana haki sawa wanapooana, wanapoishi katika ndoa, na ndoa inapovunjika. Ibara ya 33 inakataza sheria, mila na desturi zinazovunja heshima, ustawi au maslahi ya wanawake. Maneno hayo ni machache, na kwa miaka kadhaa hayakumfikia mtu yeyote kijijini. Yalihitaji watu wa kuyashika na kuyapeleka mahakamani.

Shauri moja lililotangulia linawagusa polisi moja kwa moja. Hadi mwaka 2007, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Uganda kilifanya ugoni kuwa jinai, lakini kwa kipimo cha upande mmoja. Mke aliyelala na mwanamume yeyote asiye mumewe alikuwa mkosaji. Mume aliyelala na mwanamke asiyeolewa hakuwa na kosa lolote. Sasa liunganishe jambo hilo na ng'ombe. Mwanamke aliyemkimbia mume mkali, na ambaye baba yake hakuweza kurudisha mahari, kwa desturi alibaki mke wa mtu hata kama hawajaonana kwa miaka 5. Akipata mwenzi mwingine, yule wa kwanza angeweza kuja kituoni na kushitaki ugoni. Hivyo nguvu ya dola iliwekwa nyuma ya deni la ng'ombe, na askari akawa mkusanya madeni bila kujua. Tarehe 5 Aprili mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu hicho, pamoja na vifungu vya sheria ya urithi vilivyombagua mwanamke. Mwaka 2004 mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuondoa masharti ya talaka yaliyomtaka mke athibitishe makosa mengi zaidi ya yale aliyotakiwa mume.

Wakati huo, huko Tororo, shirika la MIFUMI lilikuwa kazini. Shirika hilo lina jina la kijiji cha wilaya hiyo, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanawake wanaopigwa majumbani mwao. Wafanyakazi wake walifikia uamuzi kwamba nyuma ya vipigo vingi palikuwa na ng'ombe: mume aliyepiga aliamini amenunua, na mke aliyepigwa aliamini hana pa kwenda. Mwaka 2001 ikapigwa kura ya maoni wilayani Tororo juu ya mahari, na wengi wakaunga mkono mageuzi. Jambo hilo lastahili kukumbukwa na wale wanaosema kwamba haki za wanawake ni mambo ya wasomi wa mjini. Waliopiga kura ile ni wakulima wa mtama na muhogo.

Mwaka 2007 MIFUMI na wenzao 12 walipeleka ombi mbele ya Mahakama ya Katiba. Walitaka mahari yenyewe itamkwe kuwa ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa inaharibu hiari ya waoanao na inamfanya mwanamke kuwa kama mali. Walioitetea desturi ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali pamoja na wakili Kenneth Kakuru. Tarehe 26 Machi mwaka 2010 waombaji walishindwa. Wengine wangerudi nyumbani wakalala. Hawa walikata rufani, na ikawachukua miaka mingine mitano.

Katika rufani majaji walitenganisha mambo mawili, na kutenganisha huko ndiko kiini cha habari hii. Jaji Jotham Tumwesigye, aliyeandika hukumu kuu, alisema kutoa mahari peke yake hakuvunji Katiba, kwa maana watu wazima wawili wanaweza kuoana kwa desturi hiyo kwa hiari yao. Lakini kudai mahari irudishwe ili ndoa ipate kuvunjika ni jambo jingine. Desturi hiyo humshusha mwanamke kuwa kama bidhaa ya sokoni, inayorudishwa dukani kwa muuzaji. Haihesabu hata kidogo kazi aliyoifanya katika ndoa: mashamba aliyolima, watoto aliowazaa na kuwalea, wagonjwa aliowauguza. Tena huwatia wazazi wake hofu, hata wakamshurutisha arudi kwa mume anayemtesa, kwa kuwa hawana cha kurudisha. Majaji wengi walikubaliana naye. Jaji Esther Kisaakye alitaka mahakama iende mbali zaidi na kuikataza mahari yenyewe, lakini maoni yake hayakushinda.

Kuna watu waliohuzunishwa na hukumu hiyo kwa kuwa iliiacha mahari, na wengine waliokasirishwa nayo kwa kuwa iligusa mila. Ukiipima kwa utulivu, utaona majaji walikata kamba mahali ilipokuwa imefungwa shingoni. Mzee wa Tororo bado aweza kupokea ng'ombe, kuketi na wakwe zake na kubariki ndoa. Asichoweza tena kufanyiwa ni kubebeshwa deni ambalo dhamana yake ni mwili wa binti yake.

Yafaa kusema pia, ili pasiwe na mchanganyiko katika kambi zenye watu wa dini mbalimbali, kwamba hukumu hiyo ilihusu ndoa za kimila. Mahari ya ndoa ya Kiislamu ni mali ya mke mwenyewe wala si ya baba yake, na ina taratibu zake.

Sasa turudi kwenye kaunta. Mwanamume anasema amelipa ng'ombe 8, mke amekimbia, naye anataka polisi wamkamate baba mkwe mpaka ng'ombe wapatikane. Askari wa zamani angeweza kuona hapa jambo dogo la kusuluhisha: kumwita mzee, kumweka chini ya ulinzi usiku mmoja ili "afikiri", na asubuhi kupokea ahadi ya ng'ombe wawili. Wengi waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya. Walidhani wanaleta amani kijijini. Lakini tangu Agosti 2015 nchini Uganda deni hilo haliko. Askari anayemshika mzee kwa ajili yake anamshika mtu asiye na kosa, kwa madai yaliyokwisha kuvunjwa na mahakama ya juu kuliko zote nchini. Hata kabla ya hapo, madai ya ng'ombe wa mahari hayakuwa jinai, na mahabusi haikujengwa kwa ajili ya wadaiwa.

Wakati huo huo, yule mwanamke aliyevimba uso bado amesimama pale. Yeye ndiye mwenye shauri la polisi. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 inataja ukatili wa mwili, wa ngono, wa maneno na moyo, na hata wa kiuchumi, na mkosaji aweza kufungwa hadi miaka 2. Sheria hiyo imempa askari anayepokea malalamiko kazi za kufanya: kumsaidia mlalamikaji apate mahali salama pa kulala na matibabu, kumweleza haki alizo nazo, na kuandika maelezo yake. Mlalamikaji akitaka maelezo yake yachukuliwe na askari wa jinsia yake, apewe. Fomu namba 3 ya polisi, ambayo daktari huijaza baada ya kumpima majeruhi, itolewe usiku ule ule. Michubuko hupona, na mahakama haiwezi kuona kilichokwisha kupona. Fomu iliyocheleweshwa kwa siku nne "mpaka wazee wakae" ni shauri lililokwisha kufa.

Mambo hugeuka kidogo unapofika Busia. Wilaya ya Busia ya Uganda ilikuwa sehemu ya Tororo hadi mwaka 1997, na mpaka wa nchi unaipasua jamii ya Wasamia kama kisu kinavyopasua muhogo, mama upande huu na shangazi upande ule. Tangu mwaka 2018, kilipozinduliwa rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, lori hukaguliwa mahali pamoja na kuendelea na safari. Ndoa haina kituo cha pamoja. Binti wa Kisamia aliyezaliwa upande wa Kenya na kuolewa upande wa Uganda ana sheria mbili juu ya kichwa chake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inasema wanandoa ni sawa mwanzo wa ndoa, katikati na mwisho wake, na kwamba sheria ya mila inayopingana na Katiba ni batili. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imeitambua ndoa ya kimila na kutaka isajiliwe, na imesema kwamba pale ambapo mahari ni ushahidi wa ndoa, sehemu ndogo ya ishara yatosha. Hukumu ya Kampala, hata hivyo, haina nguvu ya amri mjini Busia ya Kenya. Mume wa upande wa Uganda akivuka barabara kwenda kudai ng'ombe kwa mkwe wake, askari wa Kenya atakayeletewa madai hayo lazima atazame Katiba yake mwenyewe. Na askari wa Uganda hana ruhusa ya kumfuata mzee ng'ambo kwa niaba ya mwenye ng'ombe, hata kama ni umbali wa hatua mia mbili na wote wanafahamiana kwa majina.

Katiba hiyo ya Kenya ilifuta pia jambo jingine lililowaumiza wanawake wa mpakani. Chini ya katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alipata uraia kwa baba yake tu. Mama Mkenya aliyejifungulia Tororo kwa mume Mganda alimzaa mtu ambaye nchi ya mama yake haikumtambua. Mume akifa au akimfukuza, alirudi kwa wazazi wake Busia akiwaongoza kwa mkono wageni aliowazaa mwenyewe. Tangu mwaka 2010 uraia wa kuzaliwa hutoka kwa mama au kwa baba bila tofauti. Maofisa wa mpakani wakikutana na mama wa namna hiyo, huyo si mvushaji wa watoto wa watu.

Limebaki jambo la wanajeshi, nalo halihusu kaunta. Tangu Machi mwaka 2007 vijana wa jeshi la Uganda wamekwenda Somalia, na si wote waliorudi. Mwanajeshi akifa, ofisi huuliza swali moja kavu: mjane ni nani? Ndugu wa marehemu watasema mahari haikumalizika, kwa hiyo yule hakuwa mke. Wengine wataleta mwanamke wa pili. Mjane, ambaye amepika katika nyumba za kambi kwa miaka 12, hana karatasi. Sheria ya urithi ilirekebishwa mwaka 2022, na fungu la mjane au mgane pale pasipo na wasia likapandishwa kutoka asilimia 15 hadi asilimia 20 ya mali. Lakini asilimia 20 ya kitu chochote ni sifuri kwa mtu aliyeshindwa kuthibitisha kwamba aliolewa.

Dawa ya hilo imekuwapo tangu ile amri ya mwaka 1973, ambayo leo ni sheria ya kusajili ndoa za kimila. Sherehe zikikamilika, wanandoa hupewa miezi 6 kwenda kwa msajili, pamoja na mashahidi wasiopungua wawili waliokuwapo, na kuandikisha ndoa yao katika daftari. Hakuna anayeulizwa kama mke amelimwa bei ya kutosha. Huulizwa majina, kijiji, tarehe, na mashahidi ni akina nani. Mwanajeshi aliyemaliza mambo ya wakwe mwezi uliopita, na ambaye amepewa likizo ya siku chache kabla ya safari, ana muda wa kutosha kwenda huko na mkewe, shemeji mmoja na mzee mmoja, na kurudi kambini kabla ya jua kuchwa.